Ndege ya Zainabu

Juzi tumemzika Zainabu hapa Koboko, na tangu siku ile mdomo yangu haitulii. Wajukuu wanasema bibi ameanza kuongea na sufuria. Ni kweli, ninaongea nayo, na inanisikiliza vizuri kuliko wao. Mimi ni mutu wa maneno. Nikienda kisima na mtungi moja ninarudi na habari kumi, hata mume wangu marehemu alikuwa anasema alioa redio. Lakini kuna kitu moja nilifungia kwa kifua zaidi ya miaka thelathini, sababu kulikuwa na watu watatu wanaweza kuumia, na sasa wote watatu wako chini ya udongo. Basi ninaogopa nini tena? Bado ninaogopa, huwezi amini. Nikishika sindano mkono inakumbuka. Wacha niseme ile mwaka, tisini na mbili, mwaka mimi Rukia wa darasa ya nne nilikuwa mwandishi kwa siku tatu.

Yote ilianza kwa chumba ya Zainabu. Chumba ilikuwa na dirisha moja ya mbao, inafunguka nusu tu sababu nje kuna gunia ya mkaa, na sanduku ya bati aliyobeba kwa kichwa kutoka Congo, bado iko na alama ya kamba. Mchana tulikuwa tunakaa pale wanawake wanne, watano, miguu imenyooka kwa mkeka, kila mutu ameshika kona ya milaya. Milaya ni ile shuka ya kitanda tunashona na uzi ya rangi, maua na ndege, mwanamke akiolewa lazima awe nayo. Kule Sudan wanashona, kule Congo kwa kambi tulishona, na hapa tuliporudi tulishona tena, sababu nyumba haina mlango lakini kitanda lazima ipendeze. Kwa moto kulikuwa na angara, ile samaki kavu, inachemka na simsim, na harufu yake inaingia kwa uzi. Mpaka leo nikinusa angara ninasikia wanawake wanacheka.

Mimi ndiye nilikuwa ninawasomea. Sokoni kulikuwa na vitabu vidogo ya mapenzi, karatasi mbaya, picha ya mwanamke analia kwa jalada, na mimi ninafuata neno na kidole, polepole, wanawake wanangoja. Wakiona nimekwama wanamaliza wenyewe. "Atamwacha huyo," moja anasema. "Hamwachi, ni mjinga," mwingine anasema. "Kama ni mimi ningemwaga chai kwa suruali yake." Tulikuwa tunabishana na watu wa kitabu kama wako mlangoni. Siku moja nikageuza jalada nyuma, nikasoma kwamba wenye kuchapa hivyo vitabu wanaita mkutano kwa Arua, siku tatu, kila mutu anayeandika hadithi ya mapenzi kwa Kiswahili aje nayo. Zainabu akaniangalia juu ya sindano. "Wewe nenda," akasema. "Wewe unatudanganya kila siku, wacha ukadanganye watu wa Arua." Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini tumbo yangu ilikuwa imeshakubali.

Sasa hapa ndipo niliharibu. Hadithi ya kwangu mwenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa na ya Zainabu. Alinipa mara moja tu, wengine wamekwenda kuswali, sisi wawili tumebaki na shuka. Kabla ya vita ya sabini na tisa alikuwa mke ya askari, anaitwa Rajabu, walikuwa wanakaa Arua. Asubuhi ile Rajabu aliitwa kwenda mbele, Zainabu alikuwa anashona milaya yenye ndege wawili wanatazamana. Ndege moja imekwisha, ya pili imebaki jicho tu. Akakata uzi na meno, akamwambia bwana yake, "Hii jicho nitaweka ukirudi." Hakurudi. Watu wakakimbia, yeye akajikuta Congo, na huko watu watatu, kila moja kwa siku yake, wakamwapia kwamba Rajabu amekufa. Akakaa eda. Baadaye akaolewa na Musa, mtu ya hapa Koboko, muuza unga ya muhogo, mutu mpole, wakazaa Halima na kaka yake. Lakini ndege ilibaki vile vile ndani ya sanduku. Musa akiuliza, anaambiwa uzi ya rangi ile iliisha.

Mimi nikachukua yote nikatia kwa buku. Nilijiona mjanja sana. Zainabu nikamwita Roza, askari nikamfanya rubani, Arua nikaigeuza mji mkubwa yenye bahari ambayo sijawahi kuona. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa ndege. Ndege ilikuwa nzuri, niliihurumia. Na mimi mshonaji ndiye nilipaswa kujua. Kwetu ndege ya mutu ni kama mwandiko yake. Ukitupa milaya kumi hapa chini nitakuambia hii ni ya fulani, huyu anapinda mkia, huyu anapenda kijani. Unaweza kuficha jina ya mwanamke, huwezi kuficha ndege yake.

Mkutano ilikuwa kwa holi karibu na soko, viti ya mbao, na watu kama ishirini hivi. Walimu wa shule, karani moja, msichana iko na viatu ya kisigino na kalamu tatu. Kila mutu na karatasi imepigwa taipu. Mimi na buku yangu iko na alama ya mafuta ya simsim. Niliketi karibu na mlango, nikasema kwa roho, Rukia, ukiona mambo imekuwa mbaya, kimbia. Aliyetufundisha ni Madamu Betti, mwanamke mnene kutoka Kampala, sauti kama kengele. Aliandika kwa ubao neno kubwa, akapiga chini yake na chaki: LAZIMA WAKUTANE. "Msomaji wa mapenzi amelia kurasa arobaini," akasema. "Usimwache alie ya arobaini na moja. Siku ya tatu kila mutu atasoma mwisho yake, na wapenzi watakutana." Wote wakaandika. Na mimi nikaandika, herufi kubwa, sababu ndogo zinanisumbua.

Chai ilikuwa inaletwa na mwanaume moja mrefu, nywele imeingia mvi, watu wote wanamwita Sajini. Alikuwa mpishi ya pale. Anapika kwa sufuria kubwa kama ya kambi ya jeshi, anakata nyama na panga, kama mutu anayekata kuni, na mkono ya kushoto haina kidole ya mwisho. Haongei. Anaweka kikombe mbele yako bila sauti, halafu unageuka, hayuko. Mimi tangu asubuhi nilikuwa ninamwogopa bila sababu.

Wakaniita kusoma. Buku ilikuwa inatetemeka mpaka mwalimu moja wa Logiri akasema, "Mama, tulete mutu wa kukushikia?" Wakacheka. Nikafikiria wale wanawake wangu kwa mkeka, nikafuata neno na kidole. "Kulikuwa na mwanamke moja, anashona ndege." Yule wa Logiri akaacha kucheka. Nikasahau kuogopa, nikaacha hata kuangalia buku, nikaongea tu kama ninavyoongea. Nilipofika pale Roza anakata uzi na meno na kusema hii jicho nitaweka ukirudi, nikasikia sauti kutoka nyuma, karibu na birika.

"Hiyo ndege haina jicho. Iko kushoto ama kulia?"

Nikajibu haraka, kama mutu anayeulizwa jina yake. "Kulia, upande ya mto ya bwana, pale anaweka kichwa."

Madamu Betti akapiga makofi. "Mnaona? Hadithi nzuri inafanya hata mpishi aulize." Watu wakacheka, wakageuka kumwangalia. Sajini hakucheka. Alikuwa amesimama na birika, na chai inamwagika kwa sahani, kwa meza, kwa chini, na yeye hana habari. Ile kuona chai inatembea kwa sakafu ndiyo ilinifungua macho. Kwa hadithi yangu sikuandika kulia. Kulia niliitoa kwa chumba ya Zainabu.

Mpaka jioni sikumeza kitu. Nilikuwa ninalala kwa mwanamke moja tuliyejuana kambini, nyumba yake iko mtaa ya Oli. Jua ilikuwa haijazama, nikatembea haraka, na nyuma nikasikia viatu. Nikisimama, inasimama. "Dada," akasema, "mimi hapana mutu mbaya. Nataka kuuliza tu. Ile mwanamke ulisikia wapi?"

"Ni hadithi, baba. Niliota tu."

"Uliota mpaka upande ya mto?"

Nilivuta leso kwa kichwa nikakimbia, mwanamke mzima iko na mtoto nyumbani, nikaingia nikaweka komeo. Mwenyeji wangu akauliza nani ananifukuza. Nikasema mbwa. Nilikaa chini nyuma ya mlango na kitu moja inazunguka kwa kichwa. Kama huyu ni Rajabu, basi Zainabu iko na mabwana wawili wazima, na aliyeandika hiyo kwa buku ni mimi.

Siku ya pili sikwenda holi. Asubuhi na mapema nikapanda pikapu ya samaki kurudi Koboko. Barabara ile wakati ule ilikuwa na watu wa bunduki, siku nyingine unapita na siku nyingine unateremshwa, na dereva anatuambia tusiongee. Niambie mimi nisiongee. Lakini siku ile nilikuwa kimya kuliko angara iliyokuwa nyuma. Bunduki sikuiogopa hata kidogo. Niliogopa uso ya Zainabu.

Musa alikuwa nje anapepeta unga, mweupe mpaka nyusi. "Mwandishi amerudi mapema," akasema. "Wamekufukuza?"

"Nimesahau miwani, baba Halima."

"Wewe iko na miwani?"

Nikapita. Ndani Zainabu alikuwa anachagua mawe kwa maharagwe, sinia kwa mapaja. Nikaketi karibu kabisa, nikamwambia yote kwa sauti ya chini, tangu buku mpaka chai inayomwagika. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza kitu moja. "Mkono ya kushoto, kidole ya mwisho iko?"

"Haiko."

Akaweka sinia chini, polepole, kama iko na maji. "Uliniibia," akasema.

"Niliiba."

"Ulikuwa unaweza kuandika mbuzi, Rukia. Ulikuwa unaweza kuandika ndege ya mutu mwingine."

Ningependa anipige. Kutoka nje Musa akaita, "Mnanong'ona nini ndani, mnapika mutu?" Na Zainabu, mimi sitasahau, akarudisha sauti ya kila siku, laini kabisa, "Tunapika maharagwe, baba Halima. Leo iko na mawe mingi." Lakini mkono yake ilikuwa imeshika mkono yangu, na kucha zimeingia kwa nyama.

"Akija hapa," akasema sasa kwa kunong'ona, "sheikh atasema nini? Nitarudishwa kwa nani? Halima atakuwa mtoto ya nani? Na Musa, ambaye hakukosa kitu, atakaa upande gani ya mlango?" Halafu akauliza, "Alisema nini, maneno yenyewe?"

"Aliuliza jicho iko kushoto ama kulia."

Akacheka. Kicheko fupi, ikatoka kwa pua, na kabla haijaisha ikawa kilio, akaiziba na leso. "Amekumbuka," akasema. Tukakaa hivyo, mimi ninachagua mawe sababu lazima mutu aonekane anafanya kazi. Baadaye akafuta uso. "Rudi Arua. Usiporudi atakuja kutafuta mwenyewe. Soma mwisho. Sema waliomletea habari walikuwa watatu, na wote waliapa. Sema alikaa eda, miezi nne na siku kumi, hakuruka hata moja. Sema iko na watoto, na bwana hampigi. Halafu nyamaza. Mji usitaje. Na wewe mdomo yako, Rukia, kwa mara moja katika maisha, ifunge."

Ile siku ya tatu nilisikia kila mutu anasoma mwisho yake. Wapenzi walikutana hospitalini, walikutana uwanja ya ndege, wale wa karani walikutana ndani ya lifti, na sisi wengi lifti hatujui. Makofi kila mara. Sajini alikuwa amesimama nyuma, hana birika, mikono kwa mgongo. Nikasimama. Nikaegemea meza ya Madamu. Nikafungua buku, lakini kwa ukurasa ile hapakuwa na neno, niliandika kwa kichwa ndani ya pikapu. Nikasema watu watatu, na kiapo. Nikasema eda, miezi nne na siku kumi, mwanamke anavaa nyeupe, hapaki mafuta, hatoki nje bila sababu. Nikasema watoto wawili. Nikasema bwana wa pili anarudi mweupe na unga, na hainui mkono. Nikasema milaya iko ndani ya sanduku na jicho haijawekwa, na mwanamke haweki uzi wala hafumui. Nikaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Madamu Betti aliniangalia kama mtoto aliyekojoa darasani. "Mama Rukia, wamekutana wapi?"

"Hawajakutana, Madamu."

"Basi hiyo si hadithi ya mapenzi. Nilitaka kuichapa, kweli, ni nzuri kuliko zote. Wakutanishe hata mlangoni, hata dakika moja, na nitaichapa."

Nikasema nitafikiria. Nyuma ya holi Sajini alikuwa ametoka.

Nilimkuta kwa bomba anaosha vikombe, na hapakuwa na njia nyingine ya kutoka, geti iko pale. Panga yake ilikuwa imeegemea ukuta. Nikasogea na buku kwa kifua.

"Alikaa zote?" akauliza, hajainua kichwa.

"Zote."

"Siku mia moja na thelathini." Alikuwa ameshahesabu. "Mimi waliniambia alikufa na kipindupindu, ndani ya kambi. Waliniambia mpaka mti iliyo karibu na kaburi. Nilikwenda nikaketi chini ya ule mti, siku mbili." Akaosha kikombe moja mara tatu. "Huyo bwana, hampigi kweli?"

"Kweli."

"Mimi nilimpiga mara moja. Alikuambia?"

"Hapana. Hakuniambia."

Akapanga vikombe moja moja, mdomo chini. Halafu akasema, "Madamu anataka wakutane. Usikubali. Huyu askari kwa hadithi yako, mwandike alikufa."

"Namna gani?"

"Vitani. Haraka." Akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu, sukari ya mkutano, akanisukumia kikombe. "Kunywa, dada. Mkono itatulia." Nikainywa yote nimesimama, sikujua kama ni moto ama baridi, na yeye hakuuliza tena kitu, hata mji.

Buku niliiwashia moto siku ile ile niliyorudi, chini ya sufuria, na Zainabu anaangalia. Madamu alituma barua mara mbili, sikujibu. Na usifikiri woga iliisha na buku. Miaka mingi nikiona mwanaume mrefu kwa soko ya Koboko ninajificha nyuma ya magunia ya Musa, na Musa ananiuliza, "Mama, unadaiwa?" Nikienda Arua ninazunguka mbali nisipite Oli. Sajini hakuja. Hata siku moja. Na hata mimi niliyekuwa ninamwogopa, nilianza kuona kutokuja kwake ni kazi kubwa, labda kila asubuhi alikuwa anaifanya upya. Alipokufa, yule mwenyeji wangu wa Oli aliniletea habari, nikaipeleka kwa Zainabu, dirisha ile ile nusu. "Walimzika vizuri?" akauliza. Nikasema vizuri. Akarudi kwa uzi yake. Mwaka moja baadaye Musa naye akaenda, na Zainabu akakaa eda ya pili, tena bila kuruka.

Sasa juzi, baada ya mazishi, Halima amekuja kwangu. Ni mwanamke mzima, iko na binti anaolewa mwezi ujao, na chini ya kwapa amebeba milaya. Akaitandika kwa kitanda yangu, rangi bado kali, kama imetoka dukani. "Mama mdogo," akasema, "nataka kumpa mtoto hii. Lakini angalia, ndege ya kulia haina jicho. Mama alisahau. Wewe ndiye mshonaji, tumalizie." Na amekuja na uzi nyeusi na sindano, tayari.

Niliishika sindano. Ingekuwa kazi ya dakika mbili, hata na macho yangu haya. Nikapitisha uzi kwa tundu, na kwa kichwa sauti ya Zainabu inasema funga mdomo. Nikamwangalia Halima, pua ya baba yake, nyusi kama zimepakwa unga. Nikarudisha sindano kwa mkono yake.

"Hakusahau," nikasema.

"Basi nini?"

"Weka maji ya chai. Keti hapa karibu."

Akaweka maji, akaketi, miguu imenyooka kwa mkeka kama mama yake. Nikaanza pale pale nilipoanzia siku ile, kulikuwa na mwanamke moja, anashona ndege. Safari hii sikubadilisha jina hata moja.